Uwanja wa Gofu Ukipigwa na Bahari: Namna Ninavyouokoa

Kila asubuhi kabla mashine ya kukata nyasi haijawashwa, huinama kwenye grini (pale penye nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo) iliyo karibu zaidi na bahari, nikachuma unyasi mmoja nikaulamba. Ukiwa na chumvi ya kuwasha ulimi, najua upepo wa usiku umetuletea nini, na siku hiyo mpira wa maji hutangulia mashine. Nimetunza uwanja wa mashimo 9 huku pwani ya Kenya kwa miaka 17. Nyasi nyingi nilizoziona zikifa hazikuuawa na dhoruba yenyewe. Ziliuawa na chumvi iliyoachwa siku tatu bila kuoshwa, au na watu walioingia kabla ardhi haijanywa maji yake.

Kaskazi kikivuma, Desemba hadi Machi, shida ni ukame. Hapo usipige pampu mchana kutwa. Kisima cha karibu na bahari ukikivuta kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini, nawe utakuwa unamwagilia chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Vuta usiku, kipumzishe, na pima uchumvi wa maji kila wiki. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, maji yashuke hadi chini ya mizizi. Wanaonyunyiza kidogo kidogo kila siku huiacha chumvi juu, na baada ya wiki chache utaona weupe kama unga kwenye kingo za grini.

Kabla ya Machi kwisha, jiandae kwa masika na kusi. Zibua mitaro yote na midomo ya mabomba, maana huko ndiko makumbi ya nazi na majani ya mivinje yanakojificha. Toboa grini na ujaze matundu kwa mchanga wa mto uliooshwa. Mwaka wangu wa pili nilichota mchanga wa ufuoni kwa kuwa ulikuwa karibu na haukuwa na gharama, nikaichoma grini ya shimo la 4 kwa chumvi niliyoibeba mwenyewe kwa toroli. Punguza mbolea ya naitrojeni, kwa sababu nyasi laini zilizojaa maji ndizo kuvu huzipenda, na ongeza potasiamu. Pandisha kisu cha mashine pia: sisi hutoka milimita 4 hadi 5 au 6. Jani refu kidogo hulisha mizizi siku ambazo jua halionekani.

Halafu tazama mwezi. Bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na bamvua za Machi na Aprili ni kubwa kuliko nyingi. Dhoruba ikikutana na bamvua, maji yatapanda pale usipoyategemea. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, kisiwa cha Tanzania, tarehe 4, nilihesabu siku kwa vidole: mwezi ungeandama tarehe 8, kwa hiyo bamvua ilikuwa bado. Hata hivyo tulijiandaa kama kwamba maji yanakuja. Tuling'oa bendera, tukaingiza mabenchi na mapipa ndani, tukakata matawi makavu ya mivinje, tukahamisha mashine na mafuta hadi sehemu ya juu. Upepo ukishaanza hakuna mtu uwanjani. Radi haimchagui kedi, mbeba mifuko ya wachezaji, wala mwanachama.

Sasa sehemu inayookoa au kuua uwanja: maji ya bahari yakiingia. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na saa zinahesabika. Kwanza yatoe yaliyotuama, kwa pampu, kwa ndoo, kwa ufagio, usingoje yazame. Kisha osha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Grini ya mita za mraba 400 ukiipa milimita 25 ni lita 10,000, bauza zima. Usizimwage kwa mkupuo. Mwaga robo, ngoja izame, mwaga tena, ili chumvi isukumwe chini na isitambae kando. Maji yakigoma kushuka, toboa kwanza kwa uma. Kama huna maji baridi ya kutosha, maji ya kisima yenye chumvi kidogo ni bora kuliko kungoja mvua.

Jasi nayo ina mahali pake. Kwenye mchanga mtupu maji peke yake yanatosha. Kwenye feawei, zile njia pana za nyasi zinazoelekea grini, zenye udongo wa mfinyanzi, sodiamu huufunga udongo ukawa kama sakafu. Hapo nyunyiza jasi, kalisi yake iing'oe hiyo sodiamu, halafu osha tena. Jasi bila maji ni kazi bure.

Usidanganywe na aina ya nyasi. Grini zetu ni za paspalamu, inayostahimili chumvi kuliko ukoka wa kwenye feawei, lakini nayo huungua ikiachwa. Na usikubali kuharakishwa. Kuna mkubwa mmoja aliyetaka trekta liingie siku ya pili baada ya mafuriko kwa ajili ya mashindano. Makovu ya magurudumu tuliyaziba kwa miezi saba, na bado nikipita pale moyo huniuma.

Ukitaka kujua kama grini iko tayari, chukua kisu, kata kipande cha kidole kimoja upana, kina cha kiganja. Kinuse. Harufu ya yai bovu ina maana hewa haijaingia, toboa tena. Tandaza mizizi kwenye kiganja: ya kahawia inayokatika ukiigusa imekufa. Ukiona nyeupe, hata michache kama nyuzi, rudisha kipande mahali pake, kikanyage taratibu, na uwafungulie wachezaji shimo hilo.