Kushona Mfarishi wa Viraka Jijini Nairobi: Kazi Huanzia Kwenye Kitambaa

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka huulizia cherehani kwanza, ilhali cherehani yoyote yenye mshono ulionyooka inafaa, hata ile ya miguu iliyorithiwa kutoka kwa shangazi. Kinachowashinda wengi ni kitambaa. Kitambaa ambacho hakikufuliwa kabla ya kukatwa, au kilichounganishwa na kingine cha uzito tofauti, huharibu kazi ya majuma mengi, na hakuna ustadi wa sindano unaoweza kuiokoa kazi hiyo baadaye. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayotangulia kushona.

Mfarishi una matabaka matatu: uso ulioungwa kwa viraka, tabaka la katikati linalohifadhi joto, na mgongo, yote yakiwa yameshikwa pamoja kwa mistari ya uzi inayopenya kutoka juu hadi chini. Ni vyema ijulikane mapema kwamba shughuli hii haiokoi pesa, kwa kuwa blanketi zito la mitumba kutoka soko la Gikomba litakugharimu kidogo kuliko kitambaa, uzi na muda utakaotumia. Fundi wa mtaani naye atakuuliza kwa nini unakata kitambaa kizima ili ukiunge tena, na jibu la kumridhisha halipo. Raha yake imo katika kuchagua rangi, katika kuona kona za viraka zikikutana sawasawa, na katika kuwa na kazi ya mikono jioni za Juni hadi Agosti, wakati baridi ya Nairobi humfanya mtu asitamani kutoka nyumbani.

Tafuta pamba tupu. Vitenge vipya hupatikana Mtaa wa Biashara na Eastleigh, lakini vingi vinavyouzwa siku hizi vimefumwa kwa polista ingawa vinang'aa na kupendeza machoni. Chomoa nyuzi chache ukingoni, uzishike kwa kibano na kuziwasha juu ya sahani ya bati: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Hazina ambayo wengi huipita ni mashati ya kiume ya mitumba, pale Gikomba au Toi. Shati la pamba limekwisha kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo halitarudi tena wala halitachuja rangi, na mgongo wake peke yake hutoa viraka vingi vizuri. Mabaki ya mafundi wa nguo nayo yanafaa, mradi uyachambue na kuondoa vipande vya jezi vinavyovutika. Shuka la Kimasai mara nyingi hutengenezwa kwa akriliki, ambayo huharibika chini ya pasi yenye moto wa pamba, hivyo libaki shuka.

Leso inahitaji uangalifu wa pekee. Ni pamba, ina rangi zinazotosha chumba kizima, lakini hufumwa kwa wepesi na huteleza inapokatwa. Itie wanga kabla ya kuikata: koroga kijiko cha unga wa muhogo katika maji baridi, ongeza maji yanayochemka huku ukikoroga hadi uji mwepesi upatikane, chovya leso, ianike, kisha uipige pasi ikiwa bado ina unyevu kidogo. Mimi singekata jina la leso katikati ya maneno. Ningelitoa zima na kulipa nafasi kwenye mgongo wa mfarishi, kwa maana nusu ya methali kitandani humsumbua kila anayeisoma.

Vitambaa vyote vipya vifuliwe kila rangi peke yake. Nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Sugua kitambaa kikiwa kibichi kwa kipande cheupe, na iwapo cheupe kitashika rangi, fua tena. Kinachoendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara kadhaa kiachwe kabisa, kwa sababu rangi yake itahamia kwenye viraka vyeupe siku ya kwanza ya kufua mfarishi mzima.

Kwa mfarishi wa kwanza, kitanda cha futi 3.5 kwa 6 ni kipimo cha kufaa, na mchoro rahisi ni wa miraba ya rangi nzito na nyepesi zinazopishana kama ubao wa drafti. Kata miraba 108 mizito na 108 miepesi, kila mmoja wa inchi 5. Ukiunga miraba tisatisa, mitatu kwa mitatu, utapata mapande 24 ya inchi 13.5 baada ya mishono yote kula robo inchi kila ukingo, na ukiyapanga manne kwa upana na sita kwa urefu, uso utakuwa wa inchi 54 kwa 81, unaotosha kuning'inia kidogo pande zote za godoro. Nusu ya mapande iwe na miraba mitano mizito na minne miepesi, nusu nyingine kinyume chake. Katika kitenge cha upana wa inchi 45 hutoka miraba minane kwa mstari mmoja, kwa hiyo yadi mbili za kila rangi zinatosha kwa shida; nunua mbili na nusu. Mgongo unahitaji yadi tatu na nusu, zikatwe vipande viwili sawa na kuungwa, na upindo wa ukingo unahitaji nusu yadi. Anayetumia mashati na mabaki hahitaji hesabu ya yadi, bali anahitaji marundo mawili, la rangi nzito na la rangi nyepesi. Ukipata shaka kuhusu kiraka kiende rundo lipi, kitazame ukiwa umefumba macho nusu.

Kisu cha gurudumu na ubao wake hurahisisha ukataji, lakini si vya lazima kwa anayeanza. Chora mraba wa inchi 5 kwenye kadi ngumu, uukate kwa uangalifu, kisha uutumie kama kielelezo ukichora kwa chaki upande wa nyuma wa kitambaa. Kadi ikianza kulika kona, itupe na ukate nyingine. Fuata uzi wa kitambaa, usikate kimshazari, kwa kuwa ukingo wa mshazari huvutika hata ukishikwa tu.

Sasa cherehani. Weka sindano mpya, namba 14, na uzi wa pamba au polista usiokatika ovyo. Mshono ukae robo inchi kutoka ukingoni, na kipimo hiki ndicho kitakachokujaribu. Ukikosea kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi katika kila mshono, mistari kumi na mmoja ya upana itakula karibu inchi moja na nusu ya mfarishi, na mapande yaliyoshonwa siku tofauti yatakataa kukutana. Shona miraba mitatu kwa majaribio na uipime: ni lazima ifike inchi 14 kamili, kwa kuwa kingo zake za nje bado hazijashonwa. Isipofika, bandika kipande cha utepe kwenye bamba la cherehani mahali ukingo wa kitambaa unapopaswa kupita, kisha ujaribu tena hadi ifike.

Kila mshono upigwe pasi kuelekea upande wa rangi nzito. Kwa kufanya hivyo, mishono ya mstari mmoja hulala kinyume na ya mstari wa pili, na kona hukamatana zenyewe unapoziweka pamoja. Bonyeza pasi chini na kuinyanyua. Kuiburuta huvuta miraba. Stima ikipotea, tumia saa hizo kukata au kupanga rangi, kisha upige pasi rundo zima itakaporudi. Pasi ya makaa hufanya kazi, ila cheche moja huacha tundu.

Kwa tabaka la katikati, pamba ya kujazia huuzwa kwa mita katika baadhi ya maduka ya vitambaa, na blanketi jepesi la mitumba lililofuliwa linafaa vilevile. Usichague zito. Mfarishi mnene huonekana wa fahari dukani, lakini haupiti kwa urahisi chini ya mkono wa cherehani ya nyumbani, na ukilowa hubebwa na watu wawili. Sogeza viti, tandaza mgongo sakafuni uso wake ukitazama chini, uunyooshe na kuubandika kwa utepe kingo zote, kisha weka tabaka la katikati na uso juu yake. Mgongo uzidi uso kwa inchi tatu kila upande. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda kwa mkono, au funga kwa pini za nepi kila inchi nne, ukianza katikati na kusukuma mikunjo kuelekea nje. Magoti yatauma.

Mistari ya kushikilia matabaka ndiyo sehemu ngumu zaidi kwa mashine, kwa sababu tabaka la chini huvutwa haraka kuliko la juu. Upo mguu maalumu wa cherehani unaovuta yote mawili kwa mwendo mmoja, na ndicho kifaa pekee cha ziada ambacho ningeshauri kukinunua mapema. Refusha mshono kidogo, viringisha mfarishi kutoka pande mbili, na uanze mstari wa katikati ukipita kimshazari kutoka kona ya mraba hadi kona. Mistari hiyo itaachana kwa takriban inchi 3 na haihitaji kuchorwa.

Asiye na cherehani, au asiyependa hesabu, ana njia nyingine. Wanawake wa Wasidi katika jimbo la Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa mkono tu. Huanzia kwenye kona ya kitambaa cha mgongo, hukunja kingo za kila kiraka, na kushona bandi ndogondogo wakizunguka ukingo hadi wafike katikati, hivyo kuunga viraka na kushikilia matabaka huwa kazi moja. Kule Marekani, wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walitumia nguo kuukuu za kazi bila kufuata vipimo vikali, na mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston. Njia ya Wasidi inafaa sana kwa gorofa ndogo: inahitaji sindano, uzi mnene na kastabani, na hubebeka hata kwenye matatu.

Mwisho ni upindo. Kata vipande saba vya upana wa inchi 2.5, viunge kimshazari viwe utepe mmoja, ukunje kwa urefu na kuushona ukingoni upande wa uso. Kwenye kona simama robo inchi kabla ya mwisho, kunja utepe juu kisha chini, uendelee. Geuza upindo nyuma na uumalize kwa mkono. Saa tatu au nne zitakwisha hapo, na wengi huona ndizo tamu kuliko zote.

Mfarishi ufuliwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha. Usiukamue kwa kuusokota. Uanike juu ya kamba mbili zilizo sambamba ili uzito ugawanyike, na ufanye hivyo asubuhi yenye jua la Januari au Februari. Ukifuliwa Julai unaweza kubaki na unyevu siku kadhaa na kushika harufu ya uvundo.