Kabla Hujakokota Tela: Ninayomwonyesha Kila Utingo Wangu

Ukitoka kwenye Fuso ukapandishwa semi, kubali kwanza kwamba sasa una magari mawili: kichwa kinachovuta na tela linalovutwa. Tela lina namba yake ya usajili, kadi yake, bima yake, breki zake na taa zake, na askari akikusimamisha Chalinze atataka kujua habari za vyote viwili. Mimi huweka karatasi za kichwa na za tela kwenye mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Safari ikivuka Tunduma kwenda Zambia au Kongo, naongeza kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka. Zisome hasa tarehe za tela. Vichwa hubadilishiwa matela kila mara, na hapo ndipo unakuta bima imeisha wiki mbili zilizopita.

Sasa maungio, na hapa sitaki haraka. Mwaka 2011 nilipokea semi usiku kwenye yadi moja, nikaambiwa, "Imeshafungwa, wewe nenda." Kwenye kona ya geti tela likachomoka, hosi za upepo zikakatika, likatua kwa pua na kontena juu yake. Nilikuwa mwendo wa mguu, hivyo hakuna aliyeumia. Tangu usiku ule siondoki na tela ambalo sijalikagua mwenyewe.

Tela liwe kwenye ardhi ngumu, tairi zimewekewa kabari. Kabla ya kurudi nyuma, shuka uangalie kimo: uso wa chini wa tela uwe chini kidogo kuliko sahani ya kichwa, ile inayobeba pua ya tela, ili sahani iingie ikilinyanyua. Likiwa juu mno, pini iliyo chini ya pua ya tela hupita juu ya taya za sahani zinazopaswa kuibana, nawe utasikia mlio ukadhani imefunga. Rudi ukiwa umenyooka, polepole, mpaka taya zibane. Kisha tia gia nzito ya mbele, uvute kidogo huku breki za tela zimeshika. Fanya hivyo mara mbili. Halafu chukua tochi uingie chini. Taya ziwe zimeizunguka pini, mpini wa kufungulia uwe umerudi ndani, na pasiwe na mwanga kati ya sahani na tela. Ukiuona mwanga, fungua uanze upya, hata kama tajiri anapiga simu.

Hosi nyekundu hupeleka upepo unaoachia breki za maegesho za tela; ya njano hupeleka amri ya mguu wako. Nyekundu ikikatika njiani tela hujifunga lenyewe, na ndivyo lilivyoundwa. Fundi wa njiani akikwambia akuulie breki za tela ili ufike, kataa. Zima injini usikilize kama kuna upepo unaovuja, pandisha miguu ya tela hadi mwisho, kisha utingo asimame nyuma akuitie taa moja moja: breki, indiketa, za usiku. Viakisi mwanga vifutwe vumbi. Kontena likaguliwe loki za pembe zake zote nne, si mbili za nyuma tu.

Uzito ndio unaowaliza wengi pale mizani ya Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za kichwa zenye tairi nane, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye tairi kumi na mbili. Jumla ni tani 50. Kichwa changu na tela vikiwa vitupu ni kama tani 17, kwa hiyo nabaki na 33. Lakini jumla peke yake haikuokoi. Kontena la futi 20 likiwekwa mbele mno, ekseli za kichwa zitazidi hata kama tela ni jepesi. Likiwekwa nyuma mno, tela litazidi na usukani utakuwa mwepesi mikononi. Simamia upakiaji mwenyewe. Kuhamisha mzigo ukiwa bado bandarini ni kazi ya dakika chache. Ukishafika mizani ni siku nzima na faini.

Barabarani mwisho wetu ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Mteremko mkali wa Kitonga usiufikirie kabisa kwa namba hizo. Simama kabla ya kuanza kushuka, gusa ngoma za breki, kisha shuka kwa gia nzito uliyoitia ukiwa juu, breki ya injini ikifanya kazi. Mguu unaokaa kwenye breki muda wote huzipasha moto mpaka zinaacha kushika. Ukikanyaga ghafla kwenye kona yenye maji, tela linaweza kukunjika likakupita ubavuni.

Gari likikuharibikia, weka pembetatu mbele na nyuma, ile ya nyuma mimi huipeleka hatua mia moja, na mbali zaidi kama nyuma yangu kuna kona. Matawi ya miti wanayoweka wengine badala ya pembetatu usiku hayaonekani mpaka mtu ameshayafikia. Na kama ulizuia tairi kwa mawe, utingo ayaondoe yote lamini kabla hujatia gia, kwa sababu nyuma yako anakuja mtu wa bodaboda asiyejua kwamba ulisimama hapo.