Kuitia gesi Ferguson ya petroli, bila ya mtungi kufanya barafu

Mara ya kwanza nilipolitia gesi ya kupikia, badala ya petroli, trekta la Ferguson la mzee mmoja wa Cheju, Unguja, nilikata njia. Nilifunga mtungi wa jikoni wa kilo 15 nyuma ya kiti, nikavuta mpira hadi kwenye kabureta, injini ikawaka kwa mkupuo mmoja. Tukapeana mikono. Trekta likachimba mistari miwili, wa tatu likaanza kukohoa, na kijana wangu akapiga ukelele: "Fundi, mtungi umefanya barafu!" Kweli. Jua la saa saba, bonde zima linafuka joto, na nusu ya chini ya mtungi nyeupe kama friji ya muuza juisi. Watoto waliokuja kutazama wakawa wanaikwangua kwa kucha.

Gesi ndani ya mtungi ni majimaji, si mvuke. Ili iwe mvuke lazima ichemke, na joto la kuchemkia hulinyonya kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Jiko linakula kidogo, mtungi unamudu. Injini ya farasi ishirini na kitu ikichimba kwa nguvu inakula kilo 5 na zaidi kwa saa, na kwa kasi hiyo hata jua letu halitoshi. Basi kazi yote ya kuitia trekta gesi ni kuitafutia gesi joto, nalo linazunguka bure ndani ya rejeta.

Hatua ya 1: Jua injini uliyonayo

Fungua boneti utafute plagi. Ukikuta pampu ya dizeli na nozeli, funga boneti unywe chai. Dizeli haiwashi kwa cheche, na gesi peke yake haitawaka humo. Ferguson TE20, ile ya kijivu iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ilitoka ya petroli, ya mafuta ya taa na ya dizeli. Ya petroli ndiyo bora kwa kazi hii. Ya mafuta ya taa inakubali, lakini kompresheni yake, yaani pistoni inavyokandamiza hewa, ni ndogo, na manifoldi yake, bomba la kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda, imeundwa kupasha moto kinachoingia. Mafuta ya taa yalihitaji joto hilo, ila mvuke wa gesi ukipashwa hutanuka, na nguvu inapungua. Ukipata manifoldi ya petroli, badilisha.

Hatua ya 2: Itibu kwanza

Injini mgonjwa wa petroli atakuwa mgonjwa zaidi wa gesi. Pima kompresheni, rekebisha valvu, safisha platini zinazokatia umeme wa cheche, weka plagi mpya. Gesi inataka cheche kali kuliko petroli, kwa hiyo mimi hubana mdomo wa plagi hadi kama milimita 0.5. Osha na rejeta, maana utaitegemea.

Hatua ya 3: Mtungi

Usitumie wa jikoni. Huo hutoa mvuke kutoka juu. Tafuta mtungi wa foklifti, wenye bomba la ndani linalofika chini na kutoa gesi ikiwa bado maji. Usiuchomelee kitu chochote. Tengeneza kiti cha chuma kwenye madigadi, weka mpira chini yake, ufunge kwa mikanda miwili. Uwe mbali na ekzosi. Ukiulaza, fuata alama ya mtungi inayoonesha upande wa juu, kwani valvu ya usalama lazima iwe upande wa mvuke. Na usijazwe zaidi ya asilimia 80, kwa sababu maji ya gesi hutanuka sana juani. Muuza gesi akikwambia "nakuongezea kidogo, ami," mwambie ahsante, hapana.

Hatua ya 4: Chetezo

Vijana wangu wameipa jina hilo ile regulata ya injini, kwa kuwa inafukiza. Ni chombo cha chuma chenye vyumba viwili: kimoja yanapita maji ya moto ya injini, kingine inapita gesi, na ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoachia gesi pale tu injini inapovuta. Regulata ya jikoni haifai kwa kazi hii, maana haipitishi gesi ya kutosha.

Chukua maji ya moto karibu na thamostati, ile valvu inayoyaachia kwenda kwenye rejeta, yarudishe kwenye mpira wa chini kabla ya pampu. Chetezo kiwe chini ya usawa wa maji ya rejeta. Nilikosea hapa kwenye trekta la pili: nilikiweka juu, kikashika hewa, maji hayakuzunguka, na barafu ikarudi, mara hii kwenye chetezo.

Kabla ya chetezo weka valvu ya umeme ya kukata gesi, na waya wake upitie swichi ya presha ya oili. Injini ikizimika, presha inashuka na gesi inakatika yenyewe hata ukisahau ufunguo. Angalia betri: baadhi ya Ferguson za mwanzo ni volti 6, na valvu nyingi ni za 12.

Hatua ya 5: Kichanganyio

Hiki ndicho kinachochanganya gesi na hewa. Kinakaa mdomoni mwa kabureta, upande wa hewa. Kabureta yenyewe iache, utawashia petroli. Mpira kutoka kwenye chetezo uwe mfupi na mpana, usio na kona kali.

Hatua ya 6: Povu

Toa trekta nje, penye upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hulala chini, huingia shimoni na mtaroni ikangoja cheche. Fungua mtungi polepole, paka povu la sabuni kila kiungo, kimoja kimoja. Kipovu kimoja kikivimba, funga na uanze upya. Usiiamini pua: harufu imetiwa ili ikuonye, lakini ukishinda nayo pua huizoea. Kazi ikiisha, mwite mtu wa Kikosi cha Zimamoto aikague.

Hatua ya 7: Kuwasha

Washa kwa petroli hadi maji yapate moto. Funga petroli, acha bakuli la kabureta likauke, na injini inapoanza kudhoofika fungua gesi. Rekebisha skrubu ya gesi trekta likiwa na mzigo, likiburuga kweli. Ukirekebisha bila mzigo utajidanganya. Ikipiga kwa nyuma kupitia kichanganyio, mara nyingi gesi ni haba au cheche ni dhaifu.

Mwambie mwenye trekta mapema kwamba lita ya gesi ina nguvu kama robo tatu tu ya lita ya petroli, asije akadhani umemwibia. Faida ataiona kwenye oili, itakayokaa safi muda mrefu.

Jioni, usizime kwa ufunguo. Funga mtungi, acha injini imalize gesi iliyobaki bombani. Itakohoa mara mbili tatu, itatikisika, itanyamaza. Hapo ndipo zungusha ufunguo, na trekta ulilaze nje, si bandani.