Muziki wa Pikipiki ya Safari: Ziba Matundu Kwanza, Wati Baadaye

Pale kituo cha mafuta, injini ikiwa imezimwa, muziki wangu ulivuma mpaka jamaa wa pampu ya pili akageuka. Dakika tano baadaye niko barabara kuu ya I-45 natoka Dallas kwenda Houston, maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, na kilichobaki ni tsi-tsi-tsi tu na mwimbaji anayeimba kama yuko ndani ya debe. Gitaa sijui limeshukia wapi. Besi ndiyo usiseme. Nikaongeza sauti, mikwaruzo ikaongezeka.

Pikipiki ni Harley-Davidson Street Glide ya 2015, niliinunua mkononi kwa mtu. Redio yake iko kwenye ganda la mbele, lile pana kama popo aliyekunjua mbawa, na spika ni mbili za inchi 6.5, moja kila upande. Kila niliyemuuliza hapa Texas alinipa jibu moja: kaka, nunua amplifaya kubwa. Nikanunua ya wati 400. Kelele ziliongezeka kweli, ila muziki haukuongezeka. Na siku moja ya Agosti, nimekwama kwenye foleni, ikapata moto ikajizima yenyewe.

Usiku ule nikampigia mjomba. Mjomba wangu ni fundi redio, ana kibanda Ngamiani, Tanga, na mimi nilishika mkono wa soldaringi kwake kabla sijajua kuendesha hata baiskeli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeziba nyuma?"

Sikuwa nimemaliza hata kumweleza.

Alichokuwa anasema nilikiona nikiwa na miaka kumi hivi. Alichukua spika ya redio iliyokufa, akailaza mezani bila boksi, akaiwasha. Ikalia kama nyuki ndani ya kopo. Halafu akaivika mdomoni mwa mtungi wa maji, ule wa udongo, akaizungushia kitambaa pembeni pasivuje. Spika ileile, redio ileile, wati zilezile, na besi ikatoka mpaka vikombe vya chai vikatetemeka. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, kwa nyuma inaivuta. Hewa hizo mbili zikikutana ukingoni mwa spika zinauana, na ya kwanza kufa ni besi. Mtungi unazitenganisha, basi.

Sasa fungua ganda la mbele la pikipiki yako uangalie. Spika zimefungwa kwenye plastiki yenye matundu ya nyaya, nafasi za vifungo, na mdomo wa kuingizia upepo katikati. Pale hakuna mtungi, pana chujio la tui. Ndiyo maana naanzia hapo, na pesa ya kazi hii ni ndogo kuliko ya tangi moja la mafuta.

Kufungua

Tandika blanketi juu ya matagadi ya mbele, maana ganda likichomoka litaangukia hapo na rangi itachubuka. Kioo cha upepo kinashikwa na skrubu tatu mbele, na ganda lenyewe lina skrubu nyingine kwa ndani. Utahitaji bisibisi za nyota za Torx. Skrubu ya mwisho itoe huku mkono mmoja umeshika ganda, halafu chomoa plagi ya taa taratibu. Piga picha kila hatua kwa simu. Na kabla ya yote, toa fyuzi kuu au waya wa hasi wa betri.

Kuziba

Kuna njia ya kujua unavuja wapi ambayo haihitaji kifaa. Subiri giza, washa tochi ndogo, iweke nyuma ya spika, kisha kaa kitini kama unaendesha. Kila unapoona mwanga, sauti inapita. Mimi niliona pete nzima ya mwanga kuzunguka spika ya kushoto, kama kupatwa kwa jua, na mchirizi mrefu kwa kulia pale nyaya zinapoingia.

Nilikata pete ya sponji ile isiyonyonya maji, unene wa milimita 6, nikaibandika nyuma ya fremu ya spika, kisha nikakaza skrubu kwa mkono kwa kupishanisha, juu kushoto, chini kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu. Sponji ikibonyea nusu inatosha, ukiiminya yote inakuwa kama karatasi na inavuja tena. Matundu ya nyaya nikayaziba kwa utepe mzito wa butili, mpira laini unaonata. Butili hiyohiyo, vipande vya ukubwa wa kiganja, nikaibandika kwenye kuta za plastiki zilizo karibu na spika. Gonga plastiki kwa kidole kabla na baada: mwanzo inasema "tang", ukishabandika inasema "tup". Ile "tang" ndiyo ilikuwa inaimba pamoja na mwimbaji bila kualikwa.

Usizibe mdomo wa upepo wa katikati. Ule upo ili upepo usikupige kichwani, na tutaurudia.

Spika zenyewe

Kama za zamani zimechoka, badilisha, ila usisome wati kwenye boksi. Soma usikivu, ile namba ya desibeli inayosema spika inalia kiasi gani kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 88 imekupa desibeli 4 za bure. Ili uzipate desibeli hizo kwa amplifaya ungehitaji wati mara mbili na nusu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio kusema "sasa sauti imekuwa mara mbili" linataka kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niiuze ile ya wati 400.

Chagua zenye koni ya plastiki au zilizotengenezwa kwa ajili ya boti, maana mvua ya huku haibishi hodi. Omu pia ziangalie, yaani ukinzani wa spika kwa umeme: spika ya omu 2 inavuta umeme mara mbili ya spika ya omu 4, na si kila redio au amplifaya inaweza kuubeba mzigo huo.

Halafu chanya na hasi. Hapa ndipo nilipojiaibisha. Nilimaliza kazi, nikafunga kila kitu, nikawasha, na muziki ukawa mwembamba kuliko mwanzo. Waya za spika ya kulia nilizigeuza, kwa hiyo ya kushoto ikisukuma, ya kulia inavuta. Jumamosi nzima ilipotea. Siku hizi kabla ya kufunga nachukua betri moja ya tochi ya volti 1.5, nagusisha waya kwa sekunde moja huku naangalia koni. Ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Fanya hivyo kwa zote mbili, uweke alama kwa rangi ya kucha. Mke wangu hajui chupa yake imekwenda wapi.

Amplifaya, kama bado unaitaka

Nilimalizia na ndogo, wati 75 halisi kila upande kwa omu 4, ya daraja D, ambayo haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Redio ya kiwandani inatoa kama wati 25 kila upande, kwa hiyo nimeongeza karibu desibeli 5, na zinatosha.

Waya wa moto uanzie betrini moja kwa moja, unene wa geji 8, wenye fyuzi ya ampea 20 isiyozidi sentimita 45 kutoka betrini. Fyuzi hiyo haiwekwi kulinda amplifaya. Inalinda wewe na tangi ulilolikalia, siku waya utakapochunika chini ya kiti. Hasi nayo irudi betrini, usiifunge kwenye skrubu yoyote ya fremu uliyoiona karibu, la sivyo utasikia mlio unaopanda na kushuka kila ukivuta mafuta. Nyaya za sauti zipite upande mwingine na za moto.

Isikae mahali pasipo na hewa. Ya kwanza niliibana juu ya redio ikagusana na plastiki kila upande, na ndiyo iliyojizima. Hii nimeinyanyua kwa vipande vinne vya mpira, hewa inapita chini yake.

Geini, yaani kile kitufe cha amplifaya cha kupanga nguvu ya sauti inayoingia, usiipange kwa sikio. Zima kujiongeza kwa sauti kunakofuata mwendo, weka besi na trebo katikati, chomoa spika, cheza mlio wa majaribio wa hezi 1,000, na redio uiweke kwenye robo tatu ya sauti yake. Weka mita ya umeme kwenye volti za AC ukipima matokeo ya amplifaya. Kwa wati 75 na omu 4 unatafuta volti 17 na kidogo: zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, umepata. Fungua geini mpaka mita isome hapo, halafu usiiguse tena hata rafiki yako akikushawishi.

Kichujio cha kukata besi kiweke hezi 100. Najua inauma. Lakini spika ya inchi 6.5 kwenye ganda la plastiki haiwezi kutoa besi ya sabufa, na ukiilazimisha inapoteza nguvu kwa kutikisika tu, sauti ya mtu inakwaruza. Tena redio ya Street Glide ina sawazisho la ndani linalopunguza besi kadiri unavyopandisha sauti, ili kulinda spika zake. Ukibadilisha spika na kuweka amplifaya, mwombe muuzaji wa Harley alibadilishe kwa kompyuta yake, maana kwenye menyu zako halipo.

Upepo

Nimeuacha mwisho kwa sababu hakuna anayeniamini nikianza nao. Kwa mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo ndani ya kofia inafika desibeli 95 na kuzidi. Kelele hiyo ni nzito, ya chini, kwa hiyo inameza besi kwanza, halafu tumbo la gitaa. Unashindana nayo kwa amplifaya? Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15. Dallas mpaka Houston ni saa tatu na nusu.

Kwa hiyo punguza upepo. Kioo changu cha mwanzo kilikuwa kifupi, upepo ukivunjikia usawa wa kidevu. Nilipoweka cha inchi 10 ulianza kupita juu ya kofia, na mdomo wa katikati wa ganda nauacha wazi, maana ukifungwa kichwa kinaanza kutikiswa. Urefu wako si wangu, kwa hiyo kabla ya kununua simama kidogo kwenye vikanyagio ukiwa kwenye mwendo mdogo mahali salama, usikie upepo tulivu unaanzia wapi.

Na vaa vizibo vya masikio. Ndiyo, ili usikie muziki. Sikio lililoelemewa na kelele haliwezi kutofautisha kitu. Vizibo vinashusha upepo na muziki pamoja, na kilichobaki kinasikika kwa uwazi. Rafiki yangu mmoja Mkenya alinicheka sana. "Wee, utaziba masikio halafu usikilize redio?" Alivijaribu kwenye barabara za milimani za hapa Texas, namba 335, 336 na 337, na mpaka leo hajanirudishia.

Mwisho ni ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sehemu mojamoja ya sauti. Shusha kidogo eneo la hezi 250, pale sauti inapokuwa kama ya debe, na pandisha kidogo kati ya 2,000 na 4,000, ambako maneno ya mwimbaji yanaeleweka. Besi iache. Utagundua muziki wenyewe nao unachagua: rumba la sebene linapita vizuri kwenye upepo kwa sababu magitaa yake yako juu, taarabu ya fidla na ganuni nayo vilevile. Nyimbo za besi tupu ziwekee nyumbani. Na faili ziwe za kilobiti 320 kwa sekunde. Zile za 128 zilizozunguka WhatsApp miaka mitatu hazina cha kukupa.

Baada ya maili 200 za kwanza, rudi na tochi na bisibisi. Sponji ikishashuka, skrubu zinalegea robo mzunguko. Yangu ya kulia ililegea.