Kukagua Konekta za Faiba Ukiwa Saiti: Anza na Uchafu

Ukiitwa kwa sababu laini inakatikakatika, usikimbilie OTDR, yaani kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba na kusoma unaorudi ili kuonyesha hitilafu iko wapi. Hitilafu nyingi nilizozikuta zilikuwa kwenye uso wa konekta, wala si kwenye kebo iliyofukiwa. Kiini cha faiba ya singo modi (aina yenye njia moja tu ya mwanga) kina upana wa maikromita 9 hivi, kwa hiyo punje moja ya vumbi inatosha kuuzuia mwanga.

1. Linda macho. Mwanga wa leza ya mawasiliano hauonekani, lakini unaunguza jicho. Usichungulie ncha ya faiba hata siku moja. Hakikisha kwa kipima nguvu kwamba haina mwanga.

2. Tazama kabla ya kugusa. Je, kebo imekunjwa mno au imebanwa na mlango wa kabati? Konekta imeingia mpaka mwisho? Angalia na rangi: ya kijani ni APC, aina ambayo uso wake una mshazari wa digrii 8; ya bluu ni UPC, ambayo uso wake hauna mshazari. Ukizichanganya, nyuso hazikutani vizuri na zinaweza kuumizana.

3. Weka hadubini. Hapa usiwe na haraka. Uso usio na kasoro ni duara safi lenye nukta ndogo katikati. Vumbi huonekana kama madoa meusi, mafuta ya vidole kama ukungu, na mkwaruzo kama mstari mwembamba. Safisha, tazama tena. Kinachobaki palepale baada ya kusafisha mara mbili tatu ni jeraha. Likipita kwenye kiini, badilisha konekta.

Kagua pande zote mbili. Niliwahi kusafisha kebo moja mara nne, na kila nikiichomoa nakuta doa limerudi mahali palepale. Kumbe uchafu ulikuwa kwenye konekta ya upande wa pili, ndani ya adapta, nami sikuwa nimeimulika.

4. Safisha. Anza na kisafishio kikavu. Uchafu uking'ang'ania, tumia pombe ya isopropili ya asilimia 99, kidogo tu, kisha kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipulize kwa mdomo wala usifute kwa shati.

5. Pima nguvu ya mwanga kabla na baada ya kiungio. Konekta ikipoteza zaidi ya desibeli 0.75, isafishe na kuipima tena. Kwa mteja wa GPON (mtandao ambamo faiba moja hugawiwa wateja wengi) ya daraja B+, kipokezi chake hakitakiwi kupata nguvu ya mwanga iliyo chini ya dBm -27.

6. Bado? Ingiza mwanga wa taa nyekundu ya nanomita 650 kwenye faiba. Penye ufa karibu nawe patang'aa. Ndipo utoe OTDR, ukitanguliza kebo ya kuanzia (kipande cha faiba kati ya kifaa na laini) ili konekta ya kwanza isipotee machoni. Pima kwa nanomita 1310 na 1550: upotevu ukizidi sana kwenye 1550, tafuta mkunjo. Ukilingana, rudi kwenye konekta au kiungo cha kuchomelea.

Kabla hujafunga kabati, ziba kila tundu lisilotumika kwa kifuniko safi na uandike vipimo vyako kwenye daftari la saiti.