Maumivu sugu yakiamka: namna ya kumpima na kumsaidia mgonjwa, hatua kwa hatua

Wagonjwa wangu wengi hawasemi maumivu yameongezeka, wanasema "yameamka". Mgongo umeamka, goti limeamka. Mi nafanya fiziotherapia hapa Dar na nawaandikia hasa nyie mnaoanza kazi kwenye zahanati na vituo vya afya, maana mtu mwenye maumivu sugu, yaani yaliyopita miezi 3, yakimwamkia mara nyingi anachomwa sindano anaenda zake, wiki mbili hazijaisha karudi vilevile.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yale yale

Muulize, haya ndo ya siku zote yamezidi au ni mapya? Yamehama? Hapa usikimbie hata kama foleni imefika nje. Kwa mgongo uliza homa, kupungua uzito, jasho la usiku, kama alianguka, kama aliwahi kuwa na saratani, kama miguu inaishiwa nguvu. Halafu uliza habari ya choo, na uliza kwa lugha ya nyumbani: "Mama, ukijisafisha chooni unahisi mkono wako kama kawaida?" Ukimuuliza kama ana ganzi anaweza kusema hana, ila hilo la kujisafisha ndo linafichua, na akisema hahisi, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe, hiyo ni rufaa leo leo, mishipa ya fahamu huko chini ya mgongo inaweza kuwa imebanwa na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu. Mtembeze kwa visigino, kisha kwa vidole vya miguu, uone kama miguu ina nguvu.

Niliwahi kumpa kijana mmoja mazoezi wiki 3 nikiamini ni mgongo wake ule ule, kumbe usiku analowa jasho na suruali zinampwaya. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Sikumuuliza, na bado inaniuma.

Mwenye selimundu ana utaratibu wake. Homa, kifua kuuma au kupumua kwa shida, hospitali haraka.

Hatua ya 2: Pima alichoshindwa kufanya

Namba ya maumivu, 0 mpaka 10, andika, ila wengi watakwambia 10 kwa sababu wamezoea kutoaminiwa. Waamini. Kisha uliza, juzi uliweza nini ambacho leo umeshindwa? Kuchuchumaa? Kufua? Kupanda daladala? Hilo ndo utakalolifuatilia.

Hatua ya 3: Rudi nyuma siku 2 au 3

Mama mmoja anayepika chapati Mbagala aliniapia hajafanya kitu chochote. Tukarudi siku moja moja. Jana yake alilala tu. Juzi je? Juzi kulikuwa na oda ya shughuli, chapati 200, kakaa kwenye kigoda toka saa 9 usiku kainamia jiko, alipomaliza akaenda Kariakoo kufuata unga kasimama kwenye daladala njia nzima, usiku mtoto anaumwa hajalala. Nikamuuliza kwa nini yote siku moja, akasema "si nilikuwa najisikia nafuu." Sasa hapo ndo penyewe! Siku ya nafuu anamaliza kazi za wiki, halafu siku 3 hainuki.

Mweleze kwamba yakiamka sio lazima kuna kitu kimekatika ndani. Mi husema ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa, sasa hata paka akipita anapuliza filimbi. Hofu ikipungua na misuli inalegea.

Hatua ya 4: Siku zenyewe za maumivu

Asilale kutwa. Apunguze kazi kama nusu hivi, asisimamishe zote, na kila saa ainuke azunguke hata uani tu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa na khanga, dakika 15 mpaka 20, ila mwenye kisukari na ganzi ya miguu asiweke miguuni, ataungua bila kujua.

Dawa, mwambie amwage mfuko wote mezani. Utakuta kachomwa diklofenaki duka la dawa, ana vidonge vya diklofenaki, na vingine vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, anameza vyote akidhani ni dawa tofauti. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, ni vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu, mnywaji au aliyekonda sana ashuke chini ya hapo. Diklofenaki au ibuprofeni atumie moja tu kati ya hizo, siku chache, baada ya kula, na kwanza uliza vidonda vya tumbo, presha, figo, ujauzito. Anayetumia amitriptilini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, asiikatishe ghafla, na asiongeze mwenyewe eti kwa sababu leo yamezidi.

Hatua ya 5: Karatasi na simu

Andikeni pamoja, kwa maneno yake, yakiamka nitafanya nini, nitapunguza nini, dalili gani nisisubiri. Yule mama tulipima anaweza kukaa jikoni dakika 30 kabla mgongo haujaanza, tukakubaliana ainuke kwenye 20, kigoda kikawa kiti kirefu na jiko likapandishwa juu ya tofali, binti yake akachukua kazi ya kukanda.

Baada ya siku 2 mpigie. Usianze na "maumivu yanaendeleaje", muulize kama jana kapika. Mi yule mama wa chapati alinijibu, "nimepika 60, nimepumzika mara tatu."