Kuokoa kanda za vipindi vya redio vya akina mama: kutoka kabatini hadi kwenye diski

Mwongozo huu ni wa anayekabidhiwa boksi la kanda na kuambiwa "zitie kwenye kompyuta". Humo huwa na vipindi vya akina mama vya Radio Tanzania Dar es Salaam au Sauti ya Kenya, mahojiano ya kabla na baada ya mkutano wa dunia wa wanawake wa Nairobi wa 1985, mijadala ya sheria ya ndoa, ya mirathi, ya ardhi. Nyingi ni kaseti alizorekodi mwanachama kutoka redioni, au nakala alizobaki nazo mtangazaji. Rili za robo inchi, yaani mikanda iliyozungushwa wazi kwenye gurudumu bila ganda, huwa chache, lakini ndizo asilia. Mara nyingi nakala ya studio ilishafutwa zamani, mkanda ukarekodiwa juu yake, kwa hiyo kaseti yenye jina la kipindi kwa kalamu ya risasi inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kucheza chochote

Kila kanda ipe namba, ipige picha pande zote pamoja na boksi na karatasi iliyomo ndani. Karatasi usiitupe hata ikiwa imeliwa na mende. Kwenye kaseti vunja vile vidole viwili vya plastiki vya ukingo wa nyuma, ili asije mtu akabonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya. Hilo fanya siku ya kwanza, si ya pili.

Kisha fanya hesabu ya nafasi. Kaseti 40 za C90, dakika 90 kila moja, ni saa 60 za sauti. Kwa 96 kHz na biti 24, chaneli mbili, kila saa inakula takriban GB 2, yaani GB 120 na ushee kwa nakala moja tu. Muda nao: kila saa ya kanda itakula saa tatu za kazi. Anayekuahidi boksi zima kwa wikendi moja atakupa MP3 zilizovurugika.

Hatua ya 2: Tenga zilizougua

Ukungu mweupe au wa kijivu kwenye ukingo wa mkanda: iweke kwenye mfuko peke yake, vaa barakoa ya N95 na glovu, uisafishe nje ya chumba cha kazi. Kanda ya Tanga au Mombasa iliyokaa sakafuni miaka 20 ihesabu kuwa na ukungu mpaka ithibitike haina. Ukiicheza ilivyo, unapanda ukungu kwenye deki (mashine ya kuchezea kanda), na deki itaugawa kwa kanda zote zinazofuata.

Mkanda wa rili hutengenezwa kwa plastiki ya asetati au ya poliesta. Rili inayonuka siki ni ya asetati. Iinue kwenye taa: mwanga ukipenya kwenye mzingo wa mkanda, ni asetati, ukizuiliwa, ni poliesta. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Rili za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 zenye mgongo mweusi, hasa Ampex 406 na 456, gundi yake hunyonya unyevu ikawa kama ulimbo: zinapiga kelele zikipita kwenye hedi (kichwa kinachosoma mkanda) na kuacha matope ya kahawia. Hizo hupashwa moto, nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8, zikageuzwa katikati, zikaachwa zipoe polepole, kisha zikarekodiwa ndani ya wiki chache. Asetati ukiipasha moto umeiua. Jiko la nyumbani usilitumie, joto lake linapanda na kushuka nyuzi 20 bila kukuuliza. Kaseti usizipashe kabisa.

Hatua ya 3: Vifaa

Deki ya kaseti yenye hedi tatu, iliyofanyiwa huduma. Tascam 122 MKIII ikipatikana, chukua. Vile vikaseti vya USB vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya sufuria, achana navyo: mota yake inayumba, na hedi yake hairekebishiki. Redio-kaseti yenye spika ni ya kusikilizia tu.

Kadi ya sauti ya nje ya USB yenye maingizo ya laini. Usichomeke deki kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, sauti itapasuka na itakuwa chaneli moja. Deki, kadi na laptopu viwe kwenye ekstensheni moja. Ukisikia mngurumo wa umeme, kwanza ondoa chaja ya laptopu utumie betri. Waya wa ethi usiukate kamwe.

Spiriti ya isopropili ya 99% na pamba za vijiti kwa hedi na vyuma. Gurudumu la mpira litakase kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu spiriti inalikausha. Safisha baada ya kila kanda.

Hatua ya 4: Andaa kaseti

Ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja, ili mkanda ujipange upya. Angalia kisponji kidogo kilicho nyuma ya mkanda katikati. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuja na kuondoka. Hamisha mkanda kwenye ganda jingine lenye skrubu tano. Mkanda uliokatika uunganishe kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu gundi yake inatambaa hadi mizingo ya jirani.

Hatua ya 5: Hedi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo pa kukaa.

Hedi inatakiwa isimame wima kabisa dhidi ya mkanda. Lakini mashine iliyorekodi kanda yako, iwe redio-kaseti ya sebuleni au kinasa sauti cha mwandishi, haikuwa wima kama deki yako. Tofauti ya nywele moja inatosha kumeza sauti zote za juu: mtangazaji anasema "sheria" nawe unasikia "heria" iliyofunikwa blanketi. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kanda imechoka, halafu wanakimbilia kitufe cha treble kwenye kompyuta. Kisichosomwa na hedi hakipo kwenye faili, na treble haikirudishi. Kitakachoinuka ni mvumo.

Ondoa kifuniko cha mlango wa deki, kwenye nyingi kinateleza juu. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekaza, nyingine ina springi chini yake. Ya springi ndiyo unayoitaka. Tumia bisibisi ndogo isiyo na sumaku: ukiigusisha kwenye pini nayo pini ikafuata, ibadilishe. Zima Dolby, kile kipunguza mvumo cha deki, maana inakudanganya unapotafuta sauti za juu.

Cheza sehemu ambayo mtangazaji anasema studioni, bila muziki. Changanya chaneli mbili ziwe moja kwenye hedifoni. Hedi ikiwa imepinda, chaneli mbili zinapishana kidogo, na zikichanganywa sauti za juu zinafutana, kwa hiyo kosa linasikika mara mbili. Zungusha skrubu robo ya robo ya mzunguko. Sikiliza "s" na "sh". Zitafunguka, zitafika kilele, kisha zitafunga tena. Rudi kileleni.

Sasa tahadhari zake.

Usifuate mvumo. "Shwaa" ya mkanda wenyewe haijali pembe ya hedi, sikiliza herufi tu.

Vipimo vya kompyuta vinaonyesha vilele vya uongo. Kwa sauti ya juu sana chaneli mbili zinaweza kuonekana zimekubaliana ilhali moja imechelewa mzunguko mzima. Tafuta kwanza kwa sikio, kisha thibitisha kwa macho: kanda ya mono ikiwa sawa, mchoro wa chaneli mbili huwa mstari mmoja mwembamba wa mshazari. Ukivimba kama yai, bado.

Upande B una pembe yake. Ganda limegeuka, rekebisha upya. Na kaseti moja inaweza kuwa imerekodiwa na mashine mbili: nusu ya kwanza kipindi cha Jumanne, nusu ya pili semina ya miaka mitatu baadaye. Sauti ikifunga ghafla katikati, simamisha, rekebisha, irudishe nyuma kidogo na uendelee kwenye faili jipya.

Ya mwisho ndiyo inayokula saa. Ndani ya kipindi kimoja, mtangazaji anasikika wazi halafu mama anayehojiwa kijijini anasikika mzito. Usimfukuzie kwa skrubu. Mahojiano yalinakiliwa studioni kutoka mkanda mwingine, na uzito ule uliingia siku ile. Hedi yako inasoma rekodi ya mwisho tu. Ukiipinda "kumsaidia" mama, utampoteza mtangazaji bila kumpata mama. Kipimo ni kauli ya studio.

Weka alama ya mahali skrubu ilipoanzia. Na skrubu za deki ya kazi hii usizifunge kwa rangi ya kucha kama wanavyofanya mafundi. Deki zenye kujigeuza pande zote mbili zina hedi inayozunguka na pembe isiyotulia, ziepuke.

Hatua ya 6: Rekodi

WAV, biti 24, 96 kHz. Ukishindwa nafasi, 48 kHz inakubalika, lakini biti usizipunguze. Vilele visipite −6 dB kwenye kipimo cha programu, mazungumzo ya kawaida yakae karibu na −18. Audacity inatosha. Dolby iache imezimwa isipokuwa boksi limeandikwa na sikio limekubali; kanda zilizorekodiwa kutoka redioni karibu zote hazina.

Mtego wa Windows: mfumo wenyewe una kiwango chake cha sampuli kwenye mipangilio ya sauti, na "maboresho" yaliyowashwa bila kukuambia. Yazime, kisha linganisha kiwango cha mfumo, cha kadi na cha programu. Usipofanya hivyo, faili litaandikwa 96 na ndani yake kuna 44.1. Fungua spektra, mchoro wa masafa ya sauti, uangalie: ukuta ulionyooka karibu na 22 kHz ni ushahidi.

Kusafisha kelele hakuna, wala kukata ukimya au kusawazisha viwango. Vyote hivyo vifanywe kwenye nakala.

Rili: kwanza ujue kasi, 19 au 9.5 sentimita kwa sekunde. Stesheni zilizofuata taratibu za Uingereza na Ulaya zilitumia sawazisho (kanuni ya uwiano wa sauti za juu na za chini) la IEC, Marekani NAB. Ukikosea swichi sauti inabadilika sura nzima. Chaneli moja ikisikika kinyumenyume, mkanda ulirekodiwa pande mbili. Rekodi zote mbili kwa pamoja, ya pili uigeuze kwenye kompyuta.

Mtu akisema kwa sauti ya kitoto, betri za kinasa zilikuwa zimechoka wakati wa kurekodi. Kukiwa na mngurumo wa umeme ndani ya rekodi, upime: Afrika Mashariki ni 50 Hz, kwa hiyo ukiusoma 52, kanda inakimbia kwa asilimia 4. Punguza kwenye nakala ya kusikiliza, si kwenye asilia.

Hatua ya 7: Maelezo na tarehe

Kanda isiyo na tarehe itajieleza yenyewe ukisikiliza. "Sauti ya Kenya" ni kabla ya kuwa KBC mwaka 1989. Wakitaja TANU kama chama kinachotawala, ni kabla ya Februari 1977. Kwa kanda za Tanzania, wakiuita mswada wa makosa ya kujamiiana "mswada", hujafika 1998. Wakisema "sheria", umepita. Gertrude Mongella akitajwa kama katibu mkuu wa mkutano wa Beijing, uko katika maandalizi ya Septemba 1995 au siku zake zenyewe. Andika ushahidi uliotumia, usiandike mwaka tu.

Maneno ya kutafutia yawe yale yaliyosemwa. Katika kanda za miaka ya 1970 hutasikia "ufeministi", utasikia "maendeleo ya akina mama", "ukombozi wa mwanamke", "UWT" (Umoja wa Wanawake wa Tanzania). "Jinsia" kwa maana ya leo ilishika kasi miaka ya 1990. Ukiorodhesha kwa lugha ya semina za sasa, mtafiti atapata orodha nzuri na kukosa kanda. Andika yote mawili. Na majina: "mke wa mwenyekiti" ana jina lake, mara nyingi analitaja mwenyewe dakika ya tatu. Sikiliza uliandike.

Jina la faili liwe fupi, bila nafasi: namba ya kanda, upande, sehemu. Maelezo mengine yaende kwenye jedwali, na kwa BWF MetaEdit, programu ya bure, machache yaingie ndani ya faili lenyewe.

Hatua ya 8: Nani asikilize

Mama aliyesimulia redioni mwaka 1993 jinsi mumewe alivyompiga alikubali kusikika usiku mmoja. Hakukubali mjukuu wake aipate simulizi hiyo kwa kubonyeza mara mbili. Asilia ibaki nzima, usikate neno. Ya kuweka hadharani itolewe jina na kijiji, au ifungwe mpaka yeye au familia iulizwe. Watoto waliotajwa kwenye kesi, wafunge wote.

Kumiliki kaseti si kumiliki haki ya matangazo. Pata barua ya stesheni kabla ya kupakia chochote mtandaoni. Ya kusikilizia chumbani kwa watafiti ni rahisi zaidi kupewa, anza na hiyo.

Hatua ya 9: Nakala

Tatu: diski mbili za aina tofauti, na moja mji mwingine. CD usizitumie. Tengeneza alama ya uhakiki ya MD5 kwa kila faili siku ile ile ya kurekodi na uihifadhi kando. Kila mwaka iendeshe tena. Faili lisilolingana lirudishe kutoka nakala nyingine kabla hujasahau ipi ni ipi.

Kanda zenyewe usizitupe baada ya kuzirekodi. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na spika na ukuta wa jua, chumba kiwe kikavu, zikiwa zimezungushwa hadi mwisho wa upande.